Heko kwa Mkutano wa Kemia ya Jua kwa Kutimiza Miaka 50

Tarehe 24 Agosti 1976, katika Chuo Kikuu cha Western Ontario mjini London, Kanada, ulifunguliwa mkutano wa siku tano wenye jina refu: Mkutano wa Kimataifa wa Kubadili na Kuhifadhi Nishati ya Jua kwa Kemia ya Mwanga. Mwandalizi wake alikuwa mkemia James Bolton wa chuo hicho. Mada zilizoletwa mezani hazikuwa za fani moja. Kulikuwa na kemia ya metali, kulikuwa na fizikia ya nusu-kipitishi, na kulikuwa na habari za usanisinuru kutoka kwa watu waliozoea kusaga spinachi ili watoe klorofili. Kilichowaunganisha ni swali moja: je, binadamu anaweza kuupokea mwanga wa jua kwa molekuli alizozitengeneza mwenyewe, kisha akapata umeme au fueli papo hapo, kama jani linavyojipatia chakula?

Mwaka huu mkutano huo, unaojulikana kwa kifupi kama IPS, umetimiza miaka 50. Jarida hili linaupongeza kwa moyo wote.

Wapo watakaoshangaa kuona tahariri nzima ikitolewa kwa mkutano. Jubilei tulizozoea ni za shule, hospitali, dayosisi, benki na vyama vya ushirika, vyenye majengo ya kupakwa rangi na waasisi wa kuvishwa mashada. IPS hauna jengo. Ulichonacho ni desturi ya kukutana kila baada ya miaka miwili, kila mara katika mji mwingine, na swali lake lilelile. Kutoka Kanada ulikwenda Cambridge mwaka 1978, Boulder 1980, Jerusalem 1982, Osaka 1984, Paris 1986, Evanston 1988, Palermo 1990, Beijing 1992, Interlaken 1994, Bangalore 1996, na umeendelea hivyo hadi kizazi chetu. Taasisi ni watu wanaorudi kwenye kazi ileile hata pale wafadhili wanapogeuza uso, na kwa kipimo hicho tunaona mkutano huu ni taasisi kamili.

Ili kuelewa kwa nini swali lile liliwashika watu kwa nusu karne, inafaa tuitazame molekuli moja kwa makini. Katikati yake kuna chembe moja ya metali iitwayo rutheni, ndugu wa platini. Chembe hiyo imezungukwa na molekuli tatu bapa za bipiridini, zilizoishika kwa naitrojeni sita. Mwingereza F. H. Burstall aliitengeneza mwaka 1936, na kwa miaka mingi ilibaki kuwa kitu cha kupendeza tu katika chupa za wakemia, maji yenye rangi ya chungwa iliyokolea. Ukiiweka gizani na kuimulika kwa mwanga wa buluu, inang'aa kwa rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu.

Rangi hiyo ina maelezo. Molekuli hii humeza zaidi mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 452 hivi. Fotoni inapomezwa, elektroni moja huondoka kwenye rutheni na kuhamia kwenye mojawapo ya zile bipiridini tatu, ambazo wakemia huziita ligandi. Metali imepungukiwa, ligandi imezidiwa. Kwa muda huo mfupi molekuli moja inakuwa na tabia mbili zinazopingana: upande wa ligandi una elektroni ya kumpa jirani kwa urahisi, na upande wa metali una pengo unalotaka lijazwe kwa nguvu. Nishati iliyobebwa ni kama volti-elektroni 2.1. Kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni kunadai, kwa hesabu ya nadharia, 1.23 kwa kila elektroni. Mtu yeyote anayezipanga namba hizo mbili kwenye karatasi anaona mara moja kwa nini wakemia wa miaka ya 1970 walikosa usingizi.

Muda wenyewe ni nanosekunde 600 hivi, endapo oksijeni imeondolewa majini. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika nanosekunde 600 mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoupita kwa mbio, husafiri mita 180 tu. Lakini kwa molekuli zinazogongana majini, huo ni muda wa kutosha kabisa. Mwaka 1972 Harry Gafney na Arthur Adamson, wakiwa Chuo Kikuu cha Southern California, walitoa hoja kwamba rutheni iliyosisimuliwa na mwanga humkabidhi jirani yake wa kobalti elektroni nzima. Hadi hapo wengi walidhani molekuli za namna hiyo hupitisha nishati tu. Tangu siku hiyo uwanja ulifunguka. Mwaka huohuo Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walitangaza kwamba elektrodi ya titani oksidi iliyomulikwa inapasua maji. Mwaka uliofuata, Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilifunga bomba la mafuta, bei ikapanda mara nne katika miezi michache, na serikali ambazo hazikuwahi kuuliza habari za elektroni zikaanza kuuliza. Mkutano wa Bolton ulizaliwa katika joto hilo.

Ugumu wa fani hii tungependa msomaji auone vizuri, maana kazi yote ya miaka 50 imejengwa juu yake. Kuitoa elektroni mahali pake si shida: mwanga huitoa bure, mara mabilioni kwa sekunde. Shida ni kuizuia isirudi. Elektroni iliyohama na pengo iliyoliacha vinavutana, na vikikutana tena, nishati yote inapotea kama joto. Mkemia wa jua ni kama mvuvi aliyepandishwa ufukweni na wimbi: ngalawa imefika nchi kavu, lakini asipoivuta haraka kwenda juu, wimbi linaporudi linaichukua. Seli nyingi, vichocheo vingi na nadharia nyingi zilizopita katika kumbi za IPS zilikuwa majibu kwa swali la namna ya kuivuta ngalawa hiyo.

Nadharia ilitoka kwa Rudolph Marcus, Mkanada aliyefanya kazi Marekani, ambaye tangu mwaka 1956 alikuwa ameandika namna ya kukokotoa kasi ya elektroni kuruka kutoka molekuli moja hadi nyingine. Hesabu zake zilitabiri jambo ambalo wengi walilikataa: kwamba mteremko wa nishati ukizidi kiwango fulani, mruko unapungua kasi badala ya kuongezeka. Ushahidi usio na shaka ulipatikana mwaka 1984, na Marcus akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Kwa watu wa rutheni utabiri huo ulikuwa na faida ya mkononi. Mruko wa kurudi mara nyingi ndio wenye mteremko mrefu kupita kiasi, kwa hiyo ukiijenga molekuli kwa akili, maumbile yenyewe yanakusaidia kuuchelewesha.

Kuna kisa cha mwaka uleule wa 1976 ambacho tunaona kinastahili kusimuliwa katika jubilei hii kuliko visa vingi vya ushindi. Kundi la David Whitten nchini Marekani lilitangaza kwamba molekuli za rutheni zilizoshonewa mikia mirefu ya mafuta, zikatandazwa kama utando mwembamba juu ya kioo na kuzamishwa majini, zilipasua maji kwa mwanga. Kama ingekuwa kweli, kazi ilikuwa imekwisha kabla ya mkutano wa kwanza kufunguliwa. Maabara nyingine zilijaribu, zikashindwa. Kundi lenyewe likatengeneza upya dawa zake, likazisafisha zaidi, na mwaka 1977 likaandika wazi katika jarida lilelile kwamba dawa safi hazikufanya kitu. Fani changa, yenye fedha mpya na macho ya wanasiasa juu yake, ingeweza kulificha jambo hilo au kulibishania kwa miaka kumi. Badala yake ilisema ukweli ndani ya mwaka mmoja, kisha ikaendelea. Tunaamini kwamba uzima wa mkutano huu hadi leo una mizizi katika tabia ile.

Baada ya hapo walikwenda hatua kwa hatua. Huko Strasbourg, Jean-Marie Lehn na Jean-Pierre Sauvage walionyesha kwamba rutheni, ikisaidiwa na metali nyingine, inaweza kutoa haidrojeni kutoka majini, kwa sharti kwamba kuna kiungo cha kafara kinachojaza pengo na kuteketea. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili, kutoa oksijeni bila kuteketeza kitu, ilikuwa ngumu zaidi, na sababu yake inaeleweka: fotoni moja husogeza elektroni moja, ilhali maji yanadai elektroni nne ziondolewe ndipo molekuli moja ya oksijeni itoke. Lazima pawe na mahali pa kukusanyia. Mimea ina mahali hapo: kikundi cha chembe nne za manganisi na moja ya kalisi, ambacho umbo lake lilionekana wazi mwaka 2011 kwa kazi ya wanasayansi wa Japani. Kundi la Thomas Meyer kule North Carolina lilitoa mwaka 1982 kichocheo cha kwanza cha namna hiyo kilichobuniwa na binadamu, chembe mbili za rutheni zilizounganishwa kwa oksijeni. Nchini Sweden, mwaka 1994, wakemia na wanabiolojia waliunda muungano wa usanisinuru wa kubuni, wakaanza kuishona rutheni na manganisi katika molekuli moja ili moja ipokee mwanga na nyingine ikusanye.

Wakati huohuo fedha zilikauka. Mwaka 1986 bei ya mafuta ilianguka vibaya. Mwaka huo pia, paneli za kuchemshia maji kwa jua alizoziweka Rais Jimmy Carter juu ya paa la Ikulu ya Marekani ziliondolewa chini ya Rais Ronald Reagan. Wengi waliokuwa wameingia kwenye kemia ya jua kwa sababu ya mafuta walitoka kwa sababu hiyohiyo. Mkutano wa IPS ulifanyika Paris mwaka ule kama ulivyopangwa, na miaka miwili baadaye ukafanyika Evanston. Tunapotafuta sababu ya kuuheshimu, miaka hii ya ukame ndiyo tunayoitaja kwanza. Mwanafunzi aliyekuwa akianza shahada ya uzamivu mwaka 1986 alihitaji kujua kwamba kuna mahali ambapo baada ya miaka miwili ataulizwa, "Umefikia wapi?" Mahali hapo palikuwapo.

Mavuno yalikuja mwaka 1991. Tangu 1968 ilikuwa inajulikana, kwa kazi ya Heinz Gerischer na Helmut Tributsch huko Ujerumani, kwamba rangi iliyopakwa juu ya nusu-kipitishi inaweza kuitumbukizia elektroni na kuzaa umeme. Lakini juu ya uso laini, tabaka moja la molekuli za rangi humeza sehemu ndogo sana ya mwanga, na ukipaka tabaka nene, molekuli za juu haziwezi kufikisha elektroni chini. Brian O'Regan na Michael Grätzel, katika chuo kikuu cha shirikisho mjini Lausanne, walibadilisha uso wenyewe. Walitumia punje za titani oksidi zenye upana wa nanometa chache, wakazichoma pamoja zikawa utando wenye matundu, unene wake maikrometa 10. Ndani ya utando huo eneo la uso ni mamia ya mara ya lile linaloonekana kwa macho, na kila mahali palikuwa na molekuli ya rutheni iliyojishika. Makala yao ilitoka katika jarida la Nature tarehe 24 Oktoba 1991, ikiripoti kwamba seli hiyo iligeuza asilimia 7.1 hadi 7.9 ya nishati ya mwanga wa jua wa maabara kuwa umeme.

Uzuri wa seli ile uko katika tofauti ya kasi. Rutheni ikisisimuliwa, elektroni inatumbukia ndani ya titani oksidi kwa muda unaopimwa kwa femtosekunde, na femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya nanosekunde. Kurudi kwake kwenye rangi ileile huchukua maikrosekunde au zaidi. Katika nafasi hiyo kubwa, aidini iliyoyeyushwa kwenye majimaji ya seli inawahi kulijaza pengo, na elektroni inakwenda zake kwenye waya. Malighafi ilikuwa titani oksidi ileile inayotia weupe kwenye rangi za nyumba na dawa za meno. Mafunzo ya miaka 15 ya kuchelewesha kurudi, yaliyotolewa na watu wa rutheni, yalikutana hapo na ujuzi wa watu wa nusu-kipitishi. Ndiyo ndoa iliyokusudiwa na mkutano wa 1976.

Yapo malalamiko ambayo tahariri ya pongezi haipaswi kuyakwepa. Seli ya rangi haikuliteka soko. Bei ya paneli za silikoni ilishuka kuliko alivyotarajia mtu, na leo paneli zinazopakuliwa Mombasa na Dar es Salaam ni za silikoni. Majimaji ya ndani ya seli za rangi huvuja na kuchakaa, na ufanisi wake uliongezeka polepole. Zimepata nafasi zake: kwenye kuta za vioo, kama ukuta wa mita 300 za mraba wa jengo la mikutano la chuo kilekile cha Lausanne, na kwenye vifaa vidogo vya ndani ya nyumba, kwa kuwa zinafanya kazi vizuri katika mwanga hafifu. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani waliweka fuwele za perovskiti mahali pa rangi ndani ya seli ya namna hii, wakapata asilimia 3.8. Leo seli za perovskiti zimevuka asilimia 25 na ndizo zinazoitikisa silikoni. Mti haukuzaa tunda lililotarajiwa, lakini chipukizi lake limekuwa mti mwingine.

Hata hivyo, tusilisahau neno "kuhifadhi" lililomo katika jina la mkutano tangu siku ya kwanza. Silikoni inatoa umeme jua linapowaka. Haitoi fueli. Katika nchi zetu swali la fueli ni swali la jikoni. Kaya nyingi za Tanzania bado zinapikia kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umeweka lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Kwa sasa safari hiyo inategemea zaidi gesi na umeme wa gridi. Fueli inayotengenezwa kwa mwanga, maji na hewa ukaa haipo sokoni na haitakuwapo kesho asubuhi. Lakini watu wanaoitafuta kwa subira ndio hawa tunaowapongeza, na mama anayevuta moshi jikoni Singida ana haki ya kujua kwamba kazi hiyo inafanyika.

Habari inayotutia moyo zaidi katika miaka ya karibuni inahusu chuma. Rutheni ni adimu: dunia nzima huchimba makumi machache tu ya tani kwa mwaka, sehemu kubwa ikitoka Afrika Kusini pamoja na platini. Huwezi kuezekea dunia kwa metali ya namna hiyo. Chuma kiko safu moja na rutheni katika jedwali la elementi, juu yake moja kwa moja, na kimejaa kila mahali, lakini molekuli zake za kawaida zilikuwa na kasoro mbaya: hali ya msisimko iliporomoka kwa muda wa femtosekunde mia moja hivi, elektroni ikarudi kabla ya kufika popote. Vitabu vya wanafunzi vilisema chuma hakifai. Kundi la Kenneth Wärnmark katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, halikukubali. Lilibadilisha ligandi, likaweka zinazokishika chuma kwa kaboni badala ya naitrojeni, na kasoro ile ikaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2015 waliripoti molekuli ya chuma inayotumbukiza elektroni ndani ya titani oksidi kwa ufanisi wa asilimia 92. Mwaka 2019 walifikia hali ya msisimko inayodumu nanosekunde mbili. Kutoka femtosekunde mia moja hadi nanosekunde mbili ni ongezeko la mara elfu ishirini, kwa metali ambayo kila fundi wa kuchomelea mageti anayo karakana kwake.

Tunapozitaja metali hizi hatuwezi kunyamaza kuhusu ramani yake. Rutheni inatoka Afrika Kusini. Kobalti, iliyochukua nafasi ya aidini katika seli za rangi zilizovunja rekodi mwaka 2011 kwa asilimia 12.3, huchimbwa zaidi Congo, katika miji kama Kolwezi ambako mchimbaji na mchuuzi huelewana kwa Kiswahili. Mchanga wenye titani ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, na kusafirishwa nje kwa meli tangu 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Na jua, hatuna haja ya kulieleza. Ukiisoma tena orodha ya miji iliyoupokea mkutano huu, tangu Kanada, Ulaya, Marekani na Asia hadi Australia, hutakuta mji wa Afrika hata mmoja. Katika mkutano unaohusu jua, hilo ni pengo kubwa.

Hatusemi hivi ili kuchafua sherehe. Tunasema kwa sababu tunautaka mkutano huu uwe na miaka mingine 50, na kwa sababu huku hatuanzi na mikono mitupu. Programu ya Kimataifa ya Sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, iliyoanza mwaka 1961, imesaidia maabara za fizikia na kemia za Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Katika vyuo vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam wapo watafiti waliojifunza kutandaza titani oksidi juu ya kioo, kuipaka rangi na kupima mkondo wake. Mara nyingi wamefanya hivyo katika vyumba ambavyo umeme hukatika katikati ya kipimo, na kwa kemikali zinazofika bandarini baada ya miezi. Mtafiti wa namna hiyo akipata ruzuku ya kwenda kusikiliza siku tano ughaibuni, anarudi na marafiki, lakini wanafunzi wake 30 hawakuona kitu. Mkutano ukija kwake, wanafunzi wote 30 wanaingia ukumbini. Wanamsikia mzee aliyepima rutheni miaka 40 akisema ni vipimo gani vilimdanganya, na hilo halisomeki katika makala yoyote.

Hoja ya kwamba huku hakuna vifaa haina uzito. Mkutano haupimi elektroni. Unahitaji ukumbi, maikrofoni, malazi na viza zinazotoka kwa wakati. Ukumbi wa Nkrumah, Mlimani, ulishapokea mijadala iliyobadilisha fikra za bara hili, na Nairobi huandaa mikutano mikubwa ya Umoja wa Mataifa kila mwaka. Kinachokosekana ni barua ya maombi, na barua ya namna hiyo huandikwa miaka kadhaa kabla. Tunawaomba wakuu wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi waiandike kwa pamoja, wakishirikiana na wenzao wa Lubumbashi, na tunaziomba tume za sayansi za nchi zetu, COSTECH kwa upande wa Tanzania na NACOSTI kwa upande wa Kenya, ziweke dhamana ya gharama za ukumbi na za kuwaleta wanafunzi kutoka vyuo vya mikoani. Jarida hili litachapisha majibu ya kila ofisi itakayotuandikia kuhusu ombi hili.